Mwaka Niliofungua Visu kwa Kucha

Mwezi uliopita nilivuka daraja la Rusizi II kwenda Bukavu kumlilia Nsimire, na kule matangani nikamsikia mzee mmoja akisema uongo mbele ya maiti. Sisemi ule uongo wa kupamba ambao kila marehemu anapewa, kwamba alipenda watu na hakuwahi kukasirika. Nsimire alikasirika kila siku ya Mungu, na wote tuliokaa kwenye vile viti vya plastiki tulilijua hilo. Huu ulikuwa uongo wa kazi. Mzee alishika mikro, akakohoa, akasema kwamba miaka ile ya kiwanda cha nguo watu walitaka kumfukuza huyu mama kwa kosa la visu, na yeye, kapita wake, msimamizi wa kazi, ndiye aliyesimama akasema hapana. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama. Baba mmoja wa protokole, amejifunga kitambaa cheupe mkononi, akaja akaniinamia kwa heshima: "Maman, programu imejaa. Ukae tu." Nikakaa, maana matanga hayakuwa yangu na watoto wa Nsimire walikuwa wanalia. Lakini iliyokaa ni miguu. Mdomo haukukaa, na ndiyo sababu ninaandika.

Shule yangu ni miaka mitatu; wa nne niliuanza nikauacha. Kuandika ukurasa mzima nilijifunza nikiwa tayari nina wajukuu, katika darasa la watu wazima la kanisa letu hapa Gihundwe, upande wa Rwanda, na mwalimu alinipigia mstari mwekundu kila fasi. Basi atakayekuta kosa humu apige mstari wake, mimi nitaendelea. Habari za baba na mama na nani alizaliwa wapi nitaziruka. Sisi watu wa huku, Banyarwanda tuliokulia Kongo na Bakongo wanaolala kwao na kuuza kwetu, tukianza kueleza nani ametoka wapi hatutafika kiwandani leo. Inatosha kujua kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nimetoka shambani moja kwa moja, udongo ungali kwenye visigino.

Kiwanda chenyewe kilikuwa chini ya Kamembe, ukiteremka kuelekea ziwa. Leo hakipo, na jina lake sitaji, maana wenyewe wamekwisha kwenda na sitaki vita na watoto wao. Sale yetu, chumba chetu cha mashine, ilikuwa ya bobini. Uzi ulitujia kutoka kwa wasokotaji umezungushwa kwenye vijiti vidogo vya mbao, na kazi yetu ilikuwa kuuhamisha kutoka vijiti vingi kwenda kwenye bobini moja kubwa, ili wafumaji wapate uzi mrefu usiokwisha haraka. Kila mwanamke alikuwa na bobini ishirini zinazunguka mbele yake. Na kati ya kijiti na bobini, uzi ulipita ndani ya kisu. Sisi tuliita kisu. Walioleta mashine walikuwa na jina lao refu ambalo hakuna aliyelishika. Ni vipande viwili vya chuma, vyembamba kama wembe, vinatazamana bila kugusana, na kati yao kuna ufa mdogo ambao jicho la haraka halioni. Uzi mzuri unapita ufani kama hakuna kitu. Uzi ukija na kinundu, pale pamba ilipojikunja, au na kipande cha jani kavu, au na uchafu wa msokotaji aliyesinzia, chuma kinakishika, uzi unakatika, bobini inasimama. Unakwenda, unakata kinundu, unafunga fundo kwa vidole viwili, fundo dogo ambalo nalo lazima lipite ufani, unaachilia. Asubuhi, kabla mashine hazijawaka, unavipiga visu vyote brosi, maana vumbi la pamba linapenda kulala humo. Njo kazi yote, ndiyo hiyo. Nguo uliyovaa sasa hivi, kama haikuwashi mgongoni, ni kwa sababu mahali fulani kisu kilikataa kitu.

Aliyenifundisha ni Nsimire. Alikuwa Mushi, kabila la Bukavu kule ng'ambo, amenizidi miaka kama kumi na mitano, mwembamba, sauti yake kama mtu anayekwangua sufuria, na yeye ndiye aliyemfundisha kila mwanamke aliyeingia sale ile. Siku ya kwanza alitazama fundo nililofunga akaniuliza mbuzi mwenyewe yuko wapi. Siku ya pili alinifunga macho kwa leso yake, akanipa uzi niupitishe kati ya vidole niseme kinundu kiko wapi. Nilivikosa vyote. Baada ya wiki mbili nilikosa kimoja tu, na kile kimoja alinisema nacho mpaka saa ya kutoka. Alinionyesha pia kisu kinavyopimwa. Kulikuwa na kibati cha chuma, chembamba, kirefu kama kidole, tulikiita kipimo, na kapita ndiye aliyekiweka kwenye mfuko wa shati pamoja na biki yake. Unakiingiza ufani. Kikipita bila kugusa, kisu kiko wazi mno. Kikikataa, kimebana mno. Kinatakiwa kiingie kwa kukwaruza kidogo, "sawa vile ulimi kwa jino lenye kuvunjika," alisema Nsimire, na mimi tangu siku ile siwezi kuumwa jino bila kukumbuka kazi.

Kuna jambo jingine la kazi ile, na hilo lilikuwa shule yangu ya pili. Ndani ya kila bobini iliyojaa tuliingiza kikaratasi chenye jina la aliyeijaza, na chini yake jina la kapita. Karani aliviandika asubuhi, akaacha marundo mezani, kila mmoja achukue vyake. Ukikosea ukachukua vya mwenzako, umempa jasho lako. Herufi za shule zilikuwa zimenitoka zamani kule shambani, kwa hiyo nililazimika kujua majina kwa sura, kama unavyojua watu kanisani. Kwanza langu, Veneranda, lile refu. Halafu la Nsimire, aliyekuwa mkono wangu wa kulia. Halafu la Esperansi, wa kushoto. Mwisho nikawa najua majina yote ya sale, wanawake kumi na sita na kapita wao, na nje ya hayo sikujua kusoma hata neno "mlango". Nilicheka peke yangu nikifikiri kwamba dunia ingeandikwa kwa majina ya wanawake wa bobini tu, mimi ningekuwa mwalimu.

Katikati ya wiki tulilala Kamembe, mimi na Nsimire, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, kwa sababu kuvuka mpaka kila asubuhi kulitula miguu. Chumba kilikuwa na godoro moja, ndoo mbili, msalaba, na kamba ya kuanikia ambayo mtu mrefu angejinyonga nayo akiingia bila kuinama. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa mbao, na nyuma ya mbao alikaa karani wa kiwanda, kwa hiyo tulijua habari za tumbo lake kabla yake. Nsimire alipika sambaza, vile visamaki vya ziwa, kila alipozipata, na bugali, na sombe, majani ya muhogo, ikiwa kuna mtu amevuka nayo. Alikula kichwa cha samaki kwanza, akisema mtu anayeanza na mkia anaogopa kutazamwa. Alizungumza akitafuna. Alisema vibaya kila mtu, akasali vizuri, akalala upande wa ukutani. Mimi nilimpenda kama unavyompenda mtu ambaye ukikosea atakuambia na ukipatia atanyamaza. Leo vijana wanataka kusifiwa hata wakifunga mlango. Mimi nilikaa mwaka mzima nikisubiri Nsimire asiseme kitu.

Kapita wetu aliitwa Anaklet. Nitampa haki yake: alijua majina ya watoto wetu, na siku Esperansi alipoanguka karibu na mashine, alimbeba mwenyewe mgongoni mpaka hospitali. Lakini alikuwa mtu wa kupendeza wakubwa, na mtu wa namna hiyo ni kama uzi wenye kinundu, unakwenda vizuri mpaka mahali pembamba. Mwanzoni mwa kiangazi iliingia komande, yaani oda, kubwa ya kitambaa cha unifomu za wanafunzi. Kiangazi uzi unakauka, unakatika hovyo, na visu vilikuwa vinakamata vinundu tangu asubuhi mpaka jioni, mikono yetu inafunga mafundo mpaka vidole vinapasuka. Bobini hazikujaa upesi. Kapita akatujia saa ya chakula, tumekaa uani na viazi vitamu vyetu na avoka, akasema kila mtu alegeze visu vyake, kidogo tu. Mtu akamuuliza kidogo ni kiasi gani. Kipimo hakikuweza kusaidia, maana kilikuwa na unene mmoja tu, ule wa haki. Basi Kapita akainua kidole gumba akatuonyesha: kiasi cha unene wa kucha. Ukucha ukipita ufani, umefika.

"Kucha ya nani, Kapita?" Nsimire aliuliza, avoka mdomoni. Watu wakacheka. Kapita naye akacheka, akasema ya kila mtu kwa kidole chake. Nsimire akamwambia kwamba yeye ya kwake anaitumiaka kumenya kitunguu, na visu vyake vitabaki vile viko.

Nataka mtu anayesoma aelewe kosa letu, maana ni kosa ambalo hakuna mhandisi angelifanya. Tulikuwa wanawake kumi na sita, na hakuna kucha mbili zinazofanana. Esperansi alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Bukavu, kucha zake nyembamba na rangi juu, kama maganda ya kitunguu. Wengine walifua nguo za watu, kucha zao zimelainika kwa sabuni. Mimi nilitoka shambani, nimeshika jembe tangu nikiwa na miaka saba, na ukucha wangu wa gumba ulikuwa mnene kama kifungo cha koti. Kwa hiyo nilipolegeza visu vyangu mpaka ukucha ule ukapita, nililegeza kuliko wote. Na nikafurahi. Sitajificha. Uzi ulipita kama maji, nilikaa nimekunja mikono nikitazama bobini zinanenepa, na mwisho wa wiki jina langu lilikuwa la kwanza kwenye ubao wa sale, ule ulioonyesha nani amejaza bobini nyingi. Veneranda, lile refu, juu kabisa. Nililitazama kila nilipopita. Nilizunguka hata kwa mlango usio wangu ili nilipite. Nsimire alikuwa wa mwisho, na wanawake walimcheka, wakamwita bibi wa mafundo, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao, si kwa sauti, lakini meno yalionekana.

Siku nne baadaye, tukila nyumbani, alitoa mfukoni kipande cha uzi, akaniambia nifumbe macho. Nikakipitisha kati ya vidole kama alivyonifundisha. Kinundu, kinundu, kinundu. Sikumuuliza umetoka kwenye bobini ya nani. Akakitupa jikoni, kikawaka, akaendelea kula. Hakuniambia nifunge visu. Sasa nimezeeka najua kwamba alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe, lakini wakati ule nilifikiri ni wivu wa ubao, na niliendelea wiki tano nyingine.

Kitambaa kikarudi. Aliyekinunua alikirudisha na lori lile lile lililokipeleka, wakakifungua uani, mita na mita juu ya turubali, tukatoka wote kukitazama. Kilikuwa kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ukipitisha mkono unasikia upele, na kila penye kinundu rangi ilikataa kushika, kikabaki na vidoa vyeupe kana kwamba mtu amekinyunyizia uji. Mwanamke mmoja alisema taratibu kwamba watoto wangevaa ile nguo na kujikuna darasani mpaka Pasaka. Vinundu vile ni vya nani, hapakuwa na njia ya kujua. Vikaratasi vyetu vilitupwa zamani wakati nyuzi za watu wote zilipochanganywa kwa wafumaji. Mimi nilijua. Mtu anajua mkono wake. Direkta, mkuu wa kiwanda, alikuja, mtu wa mbali, mwenye Kiswahili cha vitabuni na uso wa mtu asiyelala, akashika kitambaa, akauliza swali moja tu: nani alifungua visu. Kapita akajibu kwamba atachunguza.

Uchunguzi wenyewe niliusikia kwa masikio yangu. Ilikuwa Jumapili, mchana, tumetoka misa, hatukuvuka kwa sababu Nsimire alikuwa na uvimbe mguuni. Yeye alikuwa anasonga bugali, mimi ninasafisha sambaza. Nyuma ya mbao tukasikia Kapita amemtembelea karani, na pombe ya ndizi inamiminwa. Karani aliuliza wataandika nini. Kapita akasema itaandikwa kwamba mwenye kuwafundisha wale wanawake mafundo ndiye aliyewafundisha kufungua visu. Karani, ambaye hakuwa mjinga, akamwambia lakini Kapita, ule mama njo peke yake mwenye hakufungua.

"Njo ile," Kapita akasema. "Bale bote beko na kosa, batanyamaza. Mwenye hana kosa, nani atamutetea?"

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimefanya biashara ya nyanya na ya vitenge ng'ambo na ng'ambo, nimesikia maneno ya waongo wa nchi tatu, na sijawahi kusikia jambo lililopangwa vizuri kuliko hilo. Lilikuwa kweli. Hesabu yake ilikuwa ya sisi, alitujua. Nilimtazama Nsimire. Mwiko ulisimama kidogo ndani ya bugali, ukaendelea. Akapakua, akanipa sahani, akaketi na mguu wake umenyooshwa. Nikamwambia kwa sauti ndogo twende kwa Direkta kesho kabla yao. Akasema yeye hatakwenda kujitetea kwa kosa la watu. Visu vyake viko pale, mwenye macho aende akavipime. Halafu akala kichwa cha samaki, akaniambia bila kunitazama: "Na bya kwako biko pale pia."

Kesho yake walituita mmoja mmoja. Nilikuwa wa kumi na mbili. Kila aliyetoka alikuwa na gumba la bluu, analificha ndani ya eproni kama ameiba, na Esperansi alipopita karibu nami alisema ni kitu kidogo tu, unaweka kidole unarudi kazini. Ndani kulikuwa na Direkta nyuma ya meza, Kapita amesimama dirishani, karani na wino wake. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa. Karani akanisomea kwa Kiswahili: kwamba visu vilikutwa wazi, kwamba wafanyakazi wanasikitika, kwamba haitarudi tena. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya kusomea kanisani. Na hapo chini nikaona Veneranda, lile refu, na nafasi ya kidole. Nilikuwa nimekwisha kuinua mkono. Lakini macho yana tabia zake, yanatafuta yanaowajua. Juu kidogo nikamwona Nsimire. Mstari uliofuata, Nsimire. Katikati, Nsimire. Mwishoni kabisa, Nsimire tena. Nikatafuta Anaklet, yule ambaye jina lake lilikaa chini ya kila kikaratasi nilichoshika mwaka ule. Hakuwemo.

"Papa karani," nikasema, "Nsimire ameandikwa hapa mara ine. Weye haujamusoma hata mara moja."

Karani alitazama wino. Direkta akaniuliza kumbe najua kusoma Kifaransa. Nikamwambia sijui, najua majina tu, na hapa ninaona jina la mtu asiyefungua visu limeandikwa mara nne, na la mtu aliyetuambia tufungue halipo. Kapita akacheka kidogo, kicheko cha mtu mzima kwa mtoto, akasema huyu ni msichana wa shamba, analala chumba kimoja na yule mama, amefundishwa la kusema. Pengine angesema habari za chumba tu ningeweka kidole changu nikatoka. Lakini alisema shamba. Nikaweka gumba langu mezani, mbele ya Direkta, ukucha juu. Nikamwambia: visu vyangu vyote ishirini nimefungua mimi, kwa ukucha huu, kwa sababu Kapita alisema tupime kwa ukucha. Waandike hivyo, na jina la Kapita humo ndani, nami nitaweka kidole hata vyote kumi.

Watu wakinisikia nikisimulia haya wanafikiri nilikuwa shujaa. Ninasema ukweli: nusu ilikuwa ni kwa ajili ya Nsimire, na nusu nyingine ni hasira ya kusomewa karatasi kama kipofu. Mpaka leo, pale mpakani, wakiniambia niweke kidole kwenye kile kimashine chao chenye taa, nauliza kwanza ni cha nini, na foleni nyuma yangu inanung'unika, na mimi nauliza tena. Wanaponiambia Maman, kila mtu anaweka, ninawajibu kwamba hilo nimeshawahi kulisikia.

Direkta alikitazama kile kidole. Halafu akamnyooshea Kapita mkono, akataka kipimo. Tukateremka saleni wote wanne. Mashine zikazimwa, na usipozoea kelele ile hujui ukimya wake unavyoumiza masikio. Direkta akaanza na mashine ya Nsimire. Nsimire hakuinua kichwa; alisogea nusu hatua, akaendelea kusafisha brosi yake. Kipimo kikaingia kisu cha kwanza kwa kukwaruza, tukasikia. Cha pili, tukasikia. Ishirini, vyote ishirini, mkwaruzo ule ule, kama mtu anayerudia neno moja kwa asiyetaka kusikia. Kwa Esperansi kipimo kilipita kwa kuteleza. Kwangu hakikupita, kilianguka. Kilitoka upande wa pili mpaka sakafuni, nikakiokota mimi mwenyewe nikampa. Akaenda kwa kila mmoja, akaona kila mmoja ana ufa wake, mwingine hivi, mwingine vile, akaomba kuona mikono. Magumba kumi na moja ya bluu yakatoka ndani ya eproni. Hapo alielewa. Nilimwona akielewa.

Na akaamua kama wakubwa wanavyoamua. Karatasi aliichana. Nsimire akabaki na mashine yake, na akakaa nayo mpaka kiwanda kilipofungwa. Kapita akapewa maneno ofisini, mlango umefungwa, akatoka na biki yake mfukoni kama alivyoingia. Wale kumi na mmoja walikuwa hawajakiri chochote, kwa kuwa karatasi imechanwa. Aliyekiri kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi, ni mmoja. Direkta aliniambia kwa kile Kiswahili chake safi kwamba anaheshimu ukweli wangu, na kwamba nisirudi kesho. Hiyo ndiyo hadithi ambayo mzee Anaklet aliisimulia matangani na kujiweka yeye mahali pangu. Amechukua nafasi nzuri, simlaumu kwa kuchagua. Lakini ilikuwa na mtu.

Nsimire hakunishukuru. Aliponiona navua eproni alinikaripia, akaniuliza nani alinituma, akasema yeye alikuwa na visu vyake na mimi nilikuwa na nini, akasema nimekuwa mjinga kabla udongo haujatoka visiginoni. Nikamwacha aseme. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni kunitoa. Nikamwendea Direkta, ambaye alikuwa bado pale, na kipimo bado mkononi mwake, nikamwomba aniazime kidogo. Sijui alifikiri nini. Alinipa.

Nikarudi kwenye mashine yangu, ambayo haikuwa yangu tena. Nikalegeza skrubu ya kisu cha kwanza, nikaingiza kipimo, nikabana mpaka kikwaruze, nikafunga. Cha pili. Wanawake walitazama. Kapita akasema kazi hiyo ataifanya mtu mwingine, mlinzi anasubiri. Nilikuwa nasikiliza chuma. Kwenye cha tatu nikaona brosi imetangulia mbele ya mkono wangu: Nsimire ametoka mashineni kwake na mguu wake wenye uvimbe, anatoa vumbi kwenye kisu kinachofuata, ili mimi nikikifikia kiwe safi. Tukaenda hivyo, yeye mbele na mimi nyuma, mpaka cha ishirini. Kapita akasema sasa basi, saa imekwisha, atoke.

Nsimire akarudi nyuma, akainama, akatazama visu vyangu kimoja kimoja kwa jicho moja.

"Ya saba haiko muzuri," akasema.

Mlinzi akahema. Nikarudi kwenye kisu cha saba.